Kulungu Kwenye Kola

Jumanne, 3 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Magauni ishirini yametoka mkononi mwangu jana alasiri, na leo asubuhi boksi liko posta. Nimelifunga kamba mara nne mpaka karani akaniuliza kama nimeweka mbuzi ndani. Nikamwambia kilichomo kinapiga kelele kuliko mbuzi, agonge tu muhuri wake.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe huitikia "ndiyo dada, ndiyo dada" hata pale ambapo hukusikia kitu. Barua utaisoma mara mbili, nakujua.

Huyo bosi wako, Bibi Miwani, alisema ataangalia magauni ishirini, akiyapenda atayatundika dukani kwake. Kwangu hilo si jambo dogo. Nimeshona miaka kumi na tisa. Mtaa mzima wa mafundi wanajua kola ya nani hulala vizuri, lakini nguo ikishatoka mlangoni kwangu si yangu tena. Unajua wateja wetu wanavyokuja. Mkono mmoja ameshika kitambaa, mkono wa pili ameshika lebo aliyoikata kwenye nguo iliyochakaa. "Fundi, nihamishie hii." Nahamisha. Kuna lebo ya mume wa jirani nimeihamisha mara tano. Mashati yote yamekufa, yenyewe inadunda. Mimi nikeshe na kitambaa, sifa achukue mtu ambaye sijui hata kwao ni wapi. Nikipata duka moja tu linalouza kazi yangu kama kazi yangu, nitabomoa ule ukuta wa mabati, niweke cherehani tatu, na sitamwinamia tena mtu anayenipa lebo kabla hajanipa salamu.

Ila mlango haufunguliwi kwa kifua. Ndiyo maana nimewaandalia kitu ambacho hukukiomba. Kila gauni nimelitia lebo ya Kulungu, moja kwenye kola na nyingine mkononi, kwa nje, ionekane mtu akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara. Nimezifuata kwa muuza lebo mara mbili mpaka nikapata zile zenye pembe za dhahabu. Hapa kwetu bado hakuna aliyeweza kulitamka jina lake halisi la kigeni, lakini Mwalimu Mkuu akivaa Kulungu siku ya wazazi, hata watoto watundu wanachomekea mashati. Mke wa meneja wa benki anavaa Kulungu. Na wewe mwenyewe, kwenye picha yako ya kwanza kutoka huko, ulisimama na koti la Kulungu. Nilipoiona picha ile nilikaa chini. Nikasema, mtoto niliyemlea kwa sindano amefika. Lile koti ulilonitumia mwaka jana nalivaa kwenye mambo makubwa tu, hata kama jasho linanitiririka.

Kwa hiyo safari hii tuingie na Kulungu. Tukishakaribishwa na kupewa kiti, tutasema sisi ni nani.

Niandikie upesi Bibi Miwani amesema nini.

Dada yako,
Fundi


Jumapili, 22 Februari

Shikamoo dada,

Boksi limefika salama, hata kamba moja haikukatika. Magauni ni mazuri kuliko nilivyotarajia, na nilitarajia mengi.

Bibi Miwani ameyaona. Bado hajatoa jibu.

Zile lebo nimezifumua zote, za kwenye kola na za mikononi. Usikasirike. Ni utaratibu wa duka hapa. Tafadhali usinunue nyingine.

Baridi ni kali lakini mimi ni mzima, na kazi inaendelea vizuri. Nakaa nyuma ya pazia langu napunguza suruali za watu.

Dada, lile koti bado unalivaa? Kama lina joto sana, liweke kabatini. Halina haja ya kuvaliwa kila mara.

Mdogo wako,
Kitinda


Alhamisi, 12 Machi

Kitinda,

Marahaba. Salamu nimeipokea kwa sababu nililelewa vizuri.

Umefumua lebo arobaini. Nilizishona kwa mkono, kwa uzi unaofanana na pembe, nikahesabu mishono ili zote zilale sawa. Wewe umezifumua, halafu umeniandikia barua fupi kuliko risiti ya sabuni. "Utaratibu wa duka." Utaratibu gani huo unaokataza nguo kuwa na heshima?

Nimejiuliza sana, na jibu nililopata halinifurahishi. Kulungu akiwa mgongoni kwako, kwenye picha, ni sawa. Kulungu akiwa kwenye gauni lililoshonwa na dada yako chini ya bati, ni aibu. Unaogopa watu wa huko watasema fundi wa mtaani amejipandisha. Basi sema hivyo, usijifiche nyuma ya utaratibu. Mimi ndiye niliyekufundisha kutia uzi kwenye sindano. Ulikuwa unaulamba ule uzi mpaka unakuwa kama mkia wa panya. Leo umekuwa mtu wa kunifundisha lebo ipi inanifaa?

Na hilo koti unalotaka niliweke kabatini, jua kwamba Jumamosi nimelivaa kwenye mkutano wa mafundi. Tulikuwa tunachagua mwenyekiti. Nilipoingia, Mnene wa Suruali, yule anayejiona amezaliwa na mkasi mkononi, alisimama akanipa kiti chake. Hajawahi kunipa hata kipande cha chaki. Sikuchaguliwa, lakini kiti nilikalia.

Picha yako iko ukutani kwangu, juu ya cherehani. Kila mteja anaiuliza, na kila mteja namjibu, "Huyo ni mdogo wangu, anafanya kazi kwenye duka kubwa la nguo, mtazame koti." Sasa sijui niendelee kusema hivyo au ninyamaze.

Kama magauni yangu yanakutia haya, yarudishe. Boksi unalo, na kamba hazikukatika.

Dada yako


Jumatatu, 30 Machi

Shikamoo dada yangu,

Hii ni barua ya tatu naiandika. Mbili za kwanza nimezichana. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, wateja wakishaondoka.

Hapa Kulungu ni nguo ya kazi, dada. Inauzwa kwenye soko la vyakula, imerundikwa kwenye kapu la waya karibu na viazi na dawa za kusugulia sinki. Inavaliwa na wanaofagia vituo vya treni, wanaobeba takataka, wanaoosha vyoo. Ni nguo imara na ina joto, wala hakuna ubaya wowote ndani yake. Lakini mtu akiingia dukani na Kulungu, mlinzi anamfuata nyuma mpaka atoke. Na yale mashati ya Taji, ambayo huko ni ya wapiga debe na wagomvi wa stendi, hapa nimeyaona kwa wazee wenye nyumba zenye bustani. Siku ya kwanza kumwona mmoja nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili. Kumbe ni daktari wa moyo.

Koti la kwenye picha nilipewa kazini. Lakini kazi yenyewe haikuwa ya duka la nguo. Miaka miwili ya kwanza nilisugua vyoo na sakafu kwenye soko hilo hilo la vyakula. Lile duka lililo nyuma yangu kwenye picha si letu. Nilikuwa napita tu, kioo chake kilikuwa kizuri, nikamwomba mwenzangu wa zamu anipige picha. Ulipoandika kwamba umekaa chini kwa furaha, nikashindwa kukurekebisha. Nikasema nitakwambia mwezi ujao. Miezi ikawa miaka. Kwa Bibi Miwani nimeingia mwaka jana tu, mwezi wa saba, na koti nikakutumia wewe kwa sababu nilijua huko litakupa heshima ambayo hapa halikunipa mimi. Njia ya mwongo fupi, ulikuwa ukiniambia. Yangu ilikuwa ndefu, lakini sasa imefika mwisho.

Kuna baya zaidi. Boksi nililifungua mbele ya Bibi Miwani, kwenye meza ya kukatia. Alinyanyua gauni la kwanza, akaona Kulungu mkononi, akacheka. Akauliza, "Haya ni ya wafagiaji?" Nami, dada, nikasema kiwanda kimekosea. Nilisema kiwanda. Wewe miaka kumi na tisa, mimi nikakuita kiwanda. Tena hapa kutia lebo ya mwingine kwenye nguo uliyoshona wewe ni kosa la mahakamani, kwa hiyo niliogopa mara mbili. Nikaanza kufumua palepale.

Yeye alikuwa ameketi ananitazama. Nilipotoa lebo ya nne aliniambia niache. Akavuta miwani yake, akageuza kola, akauliza hiki ni nini. Chini ya Kulungu kulikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu. Akanifumulisha kola ya gauni lingine, ikawa mahali palepale. La kumi, palepale. Akasema, "Kiwanda hakina mkono. Huyu ni mtu. Ni nani?"

Dada, mimi niliijua ile mishono kabla yake. Ni ile uliyonitia kwenye sare ya shule nilipoibiwa sweta darasa la pili. Sikujua kama unaiweka mpaka leo kwenye kila nguo, chini ya lebo za watu, mahali asipoona mtu.

Nikamwambia, "Ni dada yangu." Na nikamwambia na mengine yote, hata ya vyoo.

Anataka sita kwanza, ayatundike mbele. Lakini amesema hayatundiki bila lebo, na lebo anayoitaka ni hiyo mishono mitatu, ikae juu, ionekane. Mengine kumi na nne atasubiri aone. Mimi sina haki ya kukuomba kitu. Lakini hilo si ombi langu, ni lake.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumamosi, 16 Mei

Kitinda,

Marahaba.

Barua yako nimekaa nayo wiki tano. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira, ya pili nikawa na aibu, na ya tatu nililia. Zilizobaki nilikuwa nashona, kwa sababu hasira na aibu hazilipi kodi ya banda.

Nakwambia kilichoniuma. Vyoo havikuniuma. Mama alifua nguo za watu mpaka vidole vikabadilika rangi, na tulikula. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa unasugua sakafu, mimi huku naringa kwa picha yako, na hukuwa na mtu wa kumwambia kwamba mgongo unauma. Ningekwambia ukande kwa maji ya moto. Mficha maradhi hukosa hata wa kumpa pole. Usirudie.

Na hilo la kuniita kiwanda nimekusamehe, lakini nitalitumia. Sasa asubuhi nikifungua banda nawaambia majirani, "Kiwanda kimefunguliwa." Hawaelewi, nacheka peke yangu.

Koti nimeendelea kulivaa. Nimelivaa makusudi, kwenye mkutano uliofuata, nikasimama mbele ya mafundi nikawaambia lilikotoka na kazi lililofanya. Mnene wa Suruali akataka kucheka. Nikamwambia, "Koti hili limemkinga mdogo wangu na baridi miaka miwili. Lako limemkinga nani?" Akaitafuta chaki yake sakafuni kwa muda mrefu. Kiti hakunipa tena, lakini siku hiyo sikukihitaji.

Sasa kuhusu mishono. Labda unajiuliza kwa nini naiweka. Siku ulipoibiwa sweta nilitaka alama ambayo mwizi hataiona na mimi nitaiona. Nyekundu kwa sababu kijiti cha uzi mwekundu kilikuwa kimebaki na hakuna mteja aliyekitaka. Baadaye mkono ukazoea. Kila nguo niliyoitia lebo ya watu, chini yake niliweka ile mitatu, kama mtu anayekohoa kidogo gizani ili ajulikane yupo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, tunasema kila siku, na mimi miaka yote hii nimevisha kazi yangu nguo ya kuazima.

Ndani ya bahasha hii kuna vipande arobaini vya utepe mweupe, kila kimoja kina mishono yangu mitatu. Vile vya mwanzo mshono wa tatu umelala kushoto, kwa sababu sindano ya cherehani ilinichoma kidole gumba siku hiyo. Nilitaka kuvitupa, nikaviacha. Viweke kwenye yale sita. Shona pembe nne, usibandike kwa gundi kama mvivu.

Na huku nimeamua. Nimeandika kwa rangi ukutani, herufi kubwa: HAPA HATUHAMISHI LEBO. Mwalimu Mkuu alikuja Jumatano na Kulungu wake mkononi. Nikamwonyesha ukuta. Nikamwonyesha na utepe wangu. Akautazama, akasema, "Fundi, umesahau kutoa nyuzi za kushikizia." Nikamwambia sijasahau. Akachukua kitambaa chake akaenda kwa Mnene wa Suruali. Ni mteja wangu wa miaka minane, na nilimsindikiza kwa macho mpaka kona.

Sirudi nyuma.

Dada yako


Jumapili, 2 Agosti

Shikamoo dada,

Yale sita yamekwisha. Kumi na nne nayo yametundikwa, yamebaki matano. Bibi Miwani anataka thelathini kabla ya baridi, na safari hii ametaja vipimo mwenyewe, mpaka upana wa upindo.

Wanaonunua wanaiulizia ile mishono. Wiki iliyopita mama mmoja alimwambia mwenzake, mbele yangu, kwamba ni alama ya kale ya baraka, kwamba inamaanisha jua, maji na ardhi. Alisema kwa uhakika kama aliyekuwepo. Bibi Miwani akapenda. Akataka kuchapisha kadi ndogo ya kuning'iniza kwenye kila gauni, iandikwe hivyo hivyo.

Nilikataa. Sikuwahi kumkatalia kitu. Nilimwambia kwamba ni kijiti cha uzi ambacho hakuna mteja aliyekitaka, na sweta lililoibiwa darasa la pili. Bibi Miwani akanipa kalamu, akasema niandike mwenyewe. Kadi inasema, "Limeshonwa na dada yangu." Basi. Wengine wanaisoma wanacheka, wengine wananunua gauni kwa sababu hiyo. Mimi kila nikiifunga kwenye gauni nasikia kama nafuta lile neno "kiwanda", moja moja.

Jana alikuja mwenzangu wa zamu, yule aliyenipiga picha. Alikuja na koti lake la Kulungu, akasimama nje ya kioo hataki kuingia. Nilitoka nikamshika mkono. Alijaribu gauni lako la kijani, akazunguka mbele ya kioo mara tatu. Muuzaji wa mbele alikuwa amenyanyua nyusi. Nikamwomba aniletee pini. Nimempunguzia upindo mwenyewe.

Ila dada, nina wasiwasi na ukuta wako. Huku mambo yanakwenda, huko wateja wanakimbia. Kama ni kwa ajili yangu, futa ile rangi. Unaweza kushona zetu na kuhamisha zao. Hakuna atakayekulaumu, mimi wa mwisho.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumamosi, 29 Agosti

Kitinda,

Marahaba. Thelathini nimeanza.

Rangi ya ukutani ni ya mafuta, haifutiki. Niliichagua makusudi ili nikiishiwa nguvu nisipate njia.

Usinionee huruma. Nashona sare, nabadilisha zipu, napindua mapazia. Wanaokuja na lebo nawaonyesha ukuta. Wanaotukana nawaomba watukane polepole, nina uzi mdomoni. Kizuri chajiuza, wanasema. Huku kwetu kinachelewa kidogo kujiuza, na mimi nina subira kuliko wao.

Nimefurahi kwa hilo gauni la kijani. Mwambie mwenzako likilegea kiunoni alirudishe, kiwanda kitalishughulikia.

Dada yako


Jumatatu, 14 Juni, mwaka wa pili

Kitinda mdogo wangu,

Fedha za magauni zimefika, na ukuta wa mabati umebomolewa, ule wenye maandishi haukuguswa. Cherehani ya tatu inaingia wiki ijayo. Hayo ungeyasikia kwenye simu. Nimekaa kuandika kwa sababu ya jambo jingine, na nataka ulisome mara mbili.

Unajua mwaka huu ulivyokuwa. Kwenu magauni yalikwenda, lakini humu mtaani hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekubali gauni jipya lenye mishono yangu. Walisema ni nyuzi zilizosahauliwa. Mwalimu Mkuu alikuwa akipita mlangoni kwangu na nguo ya Mnene wa Suruali, kola imesimama kama sikio la punda, lakini Kulungu yumo. Nilikuwa namsalimia. Nikikwambia haikuuma nitakuwa nimeingia njia yako ya zamani.

Jumanne iliyopita alikuja mama mmoja, karani wa mahakama. Simjui. Mkono mmoja ana kitambaa kizuri cha bluu, mkono wa pili ana bahasha ndogo. Hakuuona ukuta, au hakutaka kuusoma. Akafungua ile bahasha taratibu, kama mtu anayefungua dawa, akanimwagia lebo kiganjani.

"Fundi, nihamishie hii," akasema. "Lakini uwe mwangalifu, hapa haipatikani. Ni ya ng'ambo, wanavaa madaktari. Nimeipata kwenye mitumba, belo limefunguliwa mbele yangu, tukaligombania gauni wanawake watatu. Nimelivaa mpaka likanibana, nikamgawia binti yangu. Lebo nikaikata. Siwezi kumwachia mtoto kitu kama hiki."

Nikaitazama. Utepe mweupe, mishono mitatu myekundu, na ule wa tatu umelala kushoto. Kwenye pembe nne kulikuwa na alama za sindano yako, ndogo na za karibu karibu, kama nilivyokufundisha.

Kitinda, sikutaka auone uso wangu. Nilijifanya naokota futi. Gauni lilitoka hapa, likaja kwako, likavaliwa na mtu nisiyemjua, akalichoka, likafungwa kwenye belo, likavuka tena, na sasa lebo yake imerudi kiganjani mwangu na mtu ananiambia nisiipoteze. Wiki moja kabla ningempa bure akakataa.

Nilipoinuka nikamwambia, "Mama, hii siihamishi."

Akakunja uso. "Kwa nini? Nimeambiwa wewe unajua kazi."

"Irudishe kwenye gauni la binti yako, ndiko kwao. Hapa gauni jipya linatoka na lebo yake mwenyewe." Nikavuta droo, nikamwekea utepe mpya mezani, kando ya ule wake.

Akaegemea meza. Akaziweka mbili pamoja, akazigeuza, akazipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akahesabu mishono kwa ukucha. Nilisubiri.

Kisha akaniangalia kwa heshima mpya, akasema, "Kumbe na wewe unaagiza huko huko?"

Nilicheka mpaka mafundi wa jirani wakatoa vichwa. Nikamwambia, "Naagiza kwa huyu," nikamwonyesha kidole gumba, kovu la sindano bado liko. Hakuamini. Nikatia uzi mwekundu kwenye sindano, nikachukua kipande cha utepe, nikashona mitatu mbele ya macho yake, na ule wa tatu nikaulaza kushoto kwa makusudi. Akachukua ya zamani, akaikunja akairudisha kwenye bahasha. Akasema yuko na haraka, atakuja Alhamisi kupimwa. Akatoka na kitambaa chake kwapani.

Watu wanaosema "nitakuja Alhamisi" nimewazika wengi. Mnene wa Suruali aliniambia nimemfukuza mteja mwingine. Nilimwambia huenda. Jumatano usiku nilijilaza na kujiambia kwamba hata asipokuja, mimi nimeshasema niliyotaka kusema, na rangi ya ukutani haifutiki.

Alhamisi amekuja. Mkono mmoja ameshika kitambaa cha bluu. Mkono wa pili ulikuwa mtupu, akanipa salamu.

Dada yako,
Fundi